Mtoto wa Nkwenda si Ngazi ya Mtu Mashuhuri

Mtoto wa Nkwenda, wa Kaisho au wa Omurushaka anapokaa mbele ya televisheni jioni, hakai kama mnunuzi aliyeingia dukani. Anakaa kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa watu, ametulia, masikio wazi, akiamini kwamba watu wazima waliomo ndani ya sanduku lile wana jambo la kumwambia. Mara nyingi hata kiti hana. Yuko mlangoni kwa jirani mwenye king'amuzi, au amejibanza dirishani pa kibanda cha video, kidumu cha maji kikiwa chini miguuni pake na nyumbani akingojwa. Imani ya mtoto huyo ni mali kubwa. Ndiyo mali inayochezewa hadharani kila mara mwanamuziki, mchekeshaji, mwanasoka au mrembo wa mashindano anapoalikwa katika kipindi cha watoto, naye akaingia studio kana kwamba watoto ndio walioalikwa kwake.

Picha yenyewe inajulikana. Mgeni huchelewa, na kuchelewa kwake huelezwa kuwa ni wingi wa shughuli. Huingia kwa muziki wake mwenyewe. Amevaa miwani ya jua katika chumba kisicho na jua. Huwekewa kiti kikubwa katikati, watoto wakiketishwa sakafuni kumzunguka mfano wa maua yaliyopandwa kuzunguka mnara. Neno lake la kwanza si kuwajulia hali wala kuwauliza majina yao; huwauliza kama wanamjua yeye ni nani. Watoto hupiga kelele za ndiyo, kwa kuwa wamekwisha kufundishwa kuzipiga kabla kamera hazijawashwa. Kisha hutajwa wimbo mpya, hutajwa tamasha lijalo, huonekana kofia yenye jina la kampuni, mtoto mmoja husimamishwa acheze, na nusu saa imekwisha. Katika nusu saa hiyo hapana mtoto aliyeulizwa jambo na jibu lake likangojwa.

Hapana haja ya kumtaja mtu kwa jina. Ugonjwa huu si wa mtu mmoja, na anayeutafuta ataukuta kwa wengi, hata kwa baadhi ya wale ambao kazi zao ni nzuri na sifa yao ni ya haki. Linalosemwa hapa ni kwamba mwenendo huo ni zaidi ya upungufu wa adabu. Ni fikra kamili kuhusu nani ni mtu na nani ni kivuli cha mtu.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na miongoni mwa mambo yaliyokemewa humo bila kumung'unya maneno ni kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa watu anaowaongoza. Kabla ya hapo wanachama walikuwa wamekwisha kuapa kwamba cheo ni dhamana. Siku zile cheo kilikuwa na ofisi, muhuri na gari, na watu walijua wapi pa kukitafuta walipotaka kukikosoa. Leo kimezuka cheo kingine ambacho hakina barua ya uteuzi, hakina kikomo cha utumishi, wala hakina mkutano wa kukihoji. Cheo hicho ni umaarufu. Kinatoka wapi, kama si kwa watu? Kinajengwa na masikio ya dereva wa lori, macho ya mwanafunzi, na shilingi za mkulima wa kahawa aliyenunua vocha ili apate wimbo. Ikiwa nafasi ya mkuu wa idara ni dhamana, hapana sababu nafasi hii iwe mali binafsi ya aliyeikalia. Umangimeza wa kale ulijificha nyuma ya meza. Huu mpya umepata kamera.

Watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria hawakungoja televisheni iwafundishe namna mkubwa anavyosimama mbele ya wadogo. Miongoni mwa Wahaya, ambao ni majirani na ndugu wa karibu wa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, msimulizi wa hadithi hakuanza kwa kujitangaza. Husema kwamba amekuja akaona, na wasikilizaji humjibu wakimtaka aone, ili nao wapate kuona. Hebu jibu hilo lipimwe uzito wake. Msimulizi amekubali kuwa macho ya wengine. Ametumwa. Waliomtuma ni hao waliokaa karibu na moto, wengi wao watoto, na bila kibali chao hadithi haianzi. Yeye mwenyewe huenda ni bibi asiyejulikana hatua 100 kutoka nyumbani kwake, lakini kwa muda ule amebeba dunia nzima na kuiweka mbele ya wajukuu, na jina lake halimo ndani ya habari. Mgeni wa televisheni naye huwaambia watoto, kwa maneno au kwa vitendo: nioneni. Wale wa kando ya moto walisema ona ili nasi tuone. Huyu anasema nioneni mimi. Ugomvi wote uko hapo.

Tena Karagwe ina sababu nyingine ya kujua namna ya kumpokea mtu wa sifa. Mwingereza John Hanning Speke alipofika huko mwaka 1861, akiwa na bunduki zake, vitabu vyake na ugeni wake wote, Omukama Rumanyika alimpokea kwa ukarimu mkubwa, kisha akamwuliza maswali mengi kuhusu dunia aliyotoka. Mgeni alihojiwa. Haikutosha kwamba ametoka mbali na anaonekana wa ajabu. Alitakiwa aseme anachokijua. Mtoto wa Karagwe wa leo anapokutanishwa na mgeni mashuhuri, huambiwa apige makofi.

Yafaa kukumbuka kwamba televisheni kwa watoto wa Bara ni jambo la juzi. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, lakini Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo mtoto wa Bara alilelewa na redio, na wapo walimu na watumishi wengi wanaosoma ukurasa huu ambao utoto wao una sauti ya Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Alikuwa mashuhuri? Alikuwa mashuhuri kuliko wengi wanaotamba leo. Lakini ilikuwapo tofauti moja kubwa. Umaarufu wake ulizaliwa ndani ya kazi ya kuwatumikia watoto; hakuuchuma mahali pengine akaja kuutembeza mbele yao. Wasikilizaji wengi wa mikoani hawakuijua sura yake, na wala hawakuihitaji. Mtoto aliyesikiliza chini ya mgomba alijiona yeye ndiye anayesemeshwa.

Isidhaniwe kuwa zamani kila kitu kilikuwa asali. Watoto wa miaka ile walivumilia pia hotuba ndefu zilizowalaza kabla ya saa yao ya kulala. Hata hivyo aliyetoa hotuba ile, pamoja na uzito wake wote, alikuwa ameandaa kitu cha kusema. Aliamini kwamba mtoto anastahili kuandaliwa. Leo mgeni huandaliwa nguo.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja yao kubwa: kwamba bila watu mashuhuri watoto hawatatazama. Hoja hiyo imekwisha kuvunjwa, tena hapa hapa nchini. Mwaka 2014 kilianza kuonekana katika televisheni ya TBC kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam ili kufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Wahusika wake ni watoto kama Kibena, Kiduchu na Koba, ambao hawana tamasha la Jumamosi wala kofia ya kutangaza. Kipindi kiliuliza swali, na mtoto aliweza kujibu kwa ujumbe wa simu ya kawaida ya mzazi wake. Maana yake ni kwamba mtoto wa Isingiro na mtoto wa Oysterbay walitazamwa kuwa na akili ileile. Wenzao wadogo walitengenezewa kipindi cha Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kazi hizo zimevuka mipaka na kutiwa katika lugha nyingine za Afrika. Hapana nyota wa muziki aliyezibeba mgongoni. Zilibebwa na heshima kwa mtoto.

Wala haisemwi hapa kwamba mtu mashuhuri afukuzwe katika vipindi vya watoto. Kufanya hivyo ni kukwepa kazi. Linalotakiwa ni ajue amekwenda kufanya nini. Kipindi cha Marekani kiitwacho Sesame Street, kilichoanza Novemba 10, 1969, ndicho kilichoonyesha mapema namna ya kumtumia mgeni wa sifa. Mwigizaji James Earl Jones, mtu mwenye sauti nzito ya jukwaani, aliletwa akatumwa kazi moja tu: kuzisoma herufi za alfabeti, moja baada ya nyingine, taratibu, ili mtoto apate nafasi ya kuiwahi herufi kabla yake. Uhodari wake wote ulitiwa katika herufi. Kipindi hicho kilipozaa mwenzake wa Kitanzania, Kilimani Sesame, kilihangaikia mambo ya Kitanzania, malaria yakiwamo, na utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Kisarawe ukachapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto waliokipata vizuri zaidi walinufaika nacho.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar, na kwa miezi ile hapakuwa na sura iliyotafutwa na wapiga picha kuliko yake. Mwaka huohuo alitokea katika Sesame Street akiwa na kikaragosi chekundu kiitwacho Elmo. Angeweza kuileta ile sanamu ya dhahabu akaiweka mezani. Angeweza kuwauliza watoto kama wanamjua. Alizungumza na Elmo habari za ngozi: kwamba watu wanayo ya rangi mbalimbali, na kwamba yeye anaipenda yake. Alizungumza na kikaragosi kwa makini kama azungumzavyo mtu na mtu. Kwa msichana mweusi wa Kyerwa, ambaye tayari ameona dada na shangazi wakijipaka mkorogo ili weupe uje kwa nguvu, maneno hayo kutoka kwa mtu huyo yana thamani isiyopimika. Umaarufu ulifanya kazi yake hapo. Ulikopeshwa kwa jambo lililo kubwa kuliko mwenye nao, kisha mwenye nao akakaa kando.

Sasa na itazamwe hali ya wilaya hizi mbili kwa karibu, maana ndizo zinazopata hasara ambayo studio za pwani haziioni. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini watu ni walewale: wakulima wa ndizi, maharage na kahawa, wenye Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine. Kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtoto wengi wao huanza kusema Kinyambo nyumbani, na Kiswahili fasaha hukikuta shuleni kwa mwalimu, redioni na katika televisheni. Kwa mtoto huyo kila neno la Kiswahili litokalo katika televisheni ni somo, liwe limekusudiwa au halikukusudiwa. Naye mgeni mashuhuri humpa nini? Humpa sentensi iliyoanza kwa Kiswahili, ikachechemea katikati kwa Kiingereza cha kuokoteza, ikaishia kwa mlio wa mdomo. Mwalimu wa darasa la tatu aliyeshinda wiki nzima akifundisha upatanisho wa kisarufi hubomolewa kazi yake Jumamosi moja, tena na mtu anayeshangiliwa kwa kuibomoa.

Lipo na baya kuliko hilo. Wachekeshaji wengi wamefanya mazoea ya kuwachekesha watu kwa matamshi ya mikoani, na Kagera ina fungu lake katika mizaha hiyo. Mhaya wa michezo ya kuchekesha ni mtu wa majivuno, mwenye kujitangazia usomi wake kwa kuitwa nshomile, mwenye kubadili r na l. Watu wazima wanaweza kutaniana hivyo. Utani ni mila ya nchi hii na umesaidia kuwaunganisha watu wake. Lakini mzaha huo unapoingizwa katika kipindi cha watoto, haukuti mtani. Unakuta mtoto wa miaka saba wa Mabira ambaye ndiyo kwanza anajaribu ulimi wake katika lugha ya taifa, naye anafahamu mara moja kwamba watu wanaosema kama baba yake ndio wanaochekwa. Kesho mwalimu akimwita asome, atanyamaza. Mwalimu ataandika kwamba mtoto ni mwoga.

Na kuna lile swali lisilokosekana: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Mtoto akisema anataka kuwa kama mgeni, makofi. Akisema rubani, makofi. Pakitokea mmoja akasema mkulima, studio nzima hucheka, mgeni naye hucheka, na mtangazaji humrudia mtoto kwa upole wa sumu akimtaka afikiri tena. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomng'oa mtoto katika jamii yake na kumfanya awadharau wazee wake kwa kuwa hawakusoma. Shule imejitahidi kwa zaidi ya nusu karne kulirekebisha hilo, kwa mafanikio na kwa makosa. Televisheni inalirudisha kwa kicheko kimoja. Mkulima anayechekwa pale ndiye mwenye kahawa iliyojenga shule nyingi za Karagwe kabla mgeni huyo hajazaliwa, na ndizi anazokula mgeni huyo hotelini hazikuota jukwaani.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba majivuno ya msanii hayajamwua mtu. Inafaa watazame yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1994 shirika la utangazaji la BBC lilikuwa na kipindi ambamo watoto waliandika barua wakiomba ndoto zao zitimizwe, na mtu mashuhuri Jimmy Savile, akiwa katika kiti chake cha pekee, alizitimiza na kuwavisha nishani. Nchi nzima ilimwona kuwa rafiki wa watoto. Alifariki Oktoba 2011. Mwaka uliofuata ukweli ukatoka: alikuwa amewadhulumu kingono watoto na watu wazima kwa miongo kadhaa. Ripoti ya Jaji Janet Smith iliyotolewa Februari 2016 ilihesabu watu 72 waliodhulumiwa naye kuhusiana na kazi zake za BBC peke yake, na ikaeleza namna wafanyakazi walivyoogopa kusema lolote dhidi ya nyota.

Haidaiwi kwamba kila mwenye miwani ya jua ni Savile. Hiyo ingekuwa dhuluma. Linalodaiwa ni kwamba kiti kile cha pekee hakikujengwa na mtu mmoja. Kilijengwa na watayarishaji walioona kwamba mgeni hakosolewi, na wakubwa wa ofisi waliohesabu watazamaji wakasahau kuwahesabu watoto. Mahali ambapo mtu mzima haulizwi, mtoto hana kinga. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na msingi wake ni kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Studio haikusamehewa katika sheria hiyo.

Husemwa pia kwamba wageni hawa huja bure, na anayetoa bure asikaripiwe. Bure ya namna gani? Mgeni huondoka na picha akiwa amezungukwa na nyuso za watoto, na picha hiyo ni mali. Wiki ijayo ataipeleka kwa kampuni ya vinywaji vya sukari ili ijue kwamba anapendwa na familia. Uso uleule uliotabasamu na watoto alasiri hutabasamu tena usiku ukiwahimiza vijana wabeti, na mtoto aliyefundishwa kuuamini uso huo hajui kwamba saa imebadilika na kazi ya tabasamu imebadilika. Kama ni hesabu ya nani amelipwa na nani hakulipwa, mtoto ndiye aliyefanya kazi bure.

Lawama haiwezi kuishia kwa wasanii. Wengi wao ni vijana waliotoka katika nyumba za kawaida, waliopanda haraka bila mtu wa kuwaambia lolote isipokuwa sifa. Watayarishaji wana sehemu yao, tena kubwa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumpigia simu mtu mashuhuri kuliko kuandika kipindi. Chama nacho hakina budi kujikosoa, kwa kuwa kujikosoa na kukosoana si maneno ya kupamba ukumbi. Katika mikutano ya kampeni msanii amekuwa akipandishwa jukwaani kabla ya mgombea ili awakusanye watu, akashangiliwa, akalipwa, akashuka. Hakuna aliyemwuliza anaamini nini. Aliyezoeshwa na watu wazima kwamba kuonekana kwake kunatosha, hawezi kulaumiwa peke yake anapokwenda kwa watoto na mzigo uleule mtupu.

Yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi. Mgeni afike saa moja kabla ya kamera, akae na watoto, ajue majina yao. Asitangaze bidhaa wala tamasha. Watoto wamwulize maswali wanayoyataka wao, na kama hajui jibu aseme hajui. Hapana somo zuri kuliko hilo. Apewe kazi ya kufanya: kusoma hadithi, kueleza jinsi ngoma inavyowambwa, kuonyesha namna goti la mchezaji linavyotunzwa. Aseme Kiswahili chote, au kama ni Kinyambo aseme Kinyambo chote kisha kifasiriwe bila kicheko. Na vituo vyenyewe viache kudhani kwamba nchi inaishia mahali foleni ya magari inapoishia. Kamera zikipelekwa Bweranyange, ilikokuwa ikulu ya Rumanyika, watoto wa Karagwe wanaweza kumtembeza mgeni na kumweleza. Zikipelekwa Murongo, watoto wa Kyerwa wanaweza kumwonyesha mto Kagera na mtambo wa umeme wa Kikagati–Murongo uliojengwa juu yake, kisha wamfundishe mgeni kuchuma kahawa bila kuvunja tawi. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama anajua kujifunza.

Uvivu katika jambo hili una gharama yake mpakani. Mtoto wa Murongo hahitaji kuvuka daraja ili asikie sauti za Uganda, zinamfuata nyumbani. Akichoshwa na kituo kinachomcheka atahamia kwingine, na atakayekwenda kumtafuta baadaye kwa hotuba za uzalendo atakuta amekwisha kuzoea kusikiliza wengine.

Walimu wa wilaya hizi wanayo sehemu yao, na si kulalamika katika chumba cha walimu. Wanaweza kuwauliza wanafunzi Jumatatu waliona nini Jumamosi, wakayaandika majibu yao kama yalivyo, na kuyapeleka kwa vituo na kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Maofisa elimu na maofisa utamaduni wanaweza kuyatia mihuri yao, kwa mara moja muhuri ukafanya kazi ya maana. Barua 30 za watoto wa shule moja ya Nkwenda, zenye makosa ya tahajia na maswali yasiyojibiwa, zitasomwa kwa makini kuliko makala yoyote ya gazeti.

Kwa sasa kipindi kimekwisha, na kibandani wamebadilisha wanaweka mpira. Mtoto wa dirishani anainama, anaokota kidumu chake, na kushika njia ya migombani kabla giza halijakaza. Nyumbani bibi atamwuliza ameona nini.